Ameshuka au Amechoka

Naikumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, katika mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza, niliposimama mbele ya wanafunzi wenzangu nikamtukana mwanamke asiye na kosa. Alikuwa mwanamke wa ndani ya shairi, wala hakupata kuishi duniani, lakini aibu nilibaki nayo kama kwamba nimemtukana jirani. Na kwa aibu hiyo ndipo nikajua kuwa nimemkosea na mtu mwengine, aliye hai, tena wa damu yangu.

Nakuhadithia haya kwa sababu ya Ijumaa iliyopita. Ulikuja kutoka chuo kikuu, ukakaa hapa majlis, sebuleni kwangu Ibra, ukaniwekea kitabu mapajani ukasema, "Bibi, wallahi hiki si Kiingereza. Mwalimu anataka tusome vile vile kilivyoandikwa zamani. Simu inanifasiria kwa dakika moja, kwa nini nijitese?" Mama yako akacheka. Mimi nikakumiminia kahawa. Labda ulidhani bibi yako kazeeka, hana la kusema. Ninalo, Thuraya. Kaa kitako unisikilize, na wenzako wakitaka kusikia, na wasikie.

Watu wa hapa wananijua kama Bi Zuwena, mwalimu wa Kiingereza aliyewasomesha mama zao. Hawajui kuwa katika ujana wangu nilisoma mashairi marefu ya hadithi, waliyoyatunga Waingereza miaka mia sita nyuma, kwa Kiingereza chao cha wakati ule. Sikulichagua somo hilo. Serikali ilinipeleka kusomea ualimu, na mwaka wa pili kila mwanafunzi alikuwa hana budi kulisoma. Sisi hatukuwa na miaka mingi tangu kutoka Unguja kurudi Omani. Nyumbani tukisema Kiswahili, nje Kiarabu, skuli Kiingereza, na mimi nikijiona bingwa wa lugha zote tatu.

Mwalimu wetu akiitwa Bi Edith. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sweta moja la kijani alilolivaa baridi na joto. Sauti yake ya upole, lakini hakumruhusu mtu kuruka mstari hata mmoja. Siku ya kwanza alitufungulia kitabu akatwambia tusome kwa sauti. Wenzangu, wenye lugha yao, wakakwama. Kiingereza kile kila herufi yake ikisikika. Neno lao la usiku, *night*, ambalo leo katikati lina herufi mbili zilizokaa bure, zamani lilikuwa na *kha*, kha hasa ya kooni, kama yetu tunapomwita Khalfan au Khadija. Wao hawaiwezi. Wakawa wanakohoa na kucheka. Tena mwisho wa maneno mengi ilikuwako irabu, kama katika Kiswahili, neno likimalizika taratibu, halikatiki ghafla.

Ilipofika zamu yangu, nikasoma kama maji ya falaj, mfereji wa mashambani, yanavyokwenda. Bi Edith akavua miwani.

"Kutamka hivi umejifunza wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani," nikamwambia. "Kwa bibi yangu."

Nilisema kweli. Kha yangu nimeipata kwa Bibi Zeyana, mama wa mama yangu, aliyenisomesha Kurani nilipokuwa mdogo, na aliyekuwa akinirejesha kwenye neno moja mara kumi mpaka likae sawa.

Tangu siku ile nikawa ndiye msomaji wa darasa. Na hapo ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu nilidhani kuwa anayeweza kutamka ameshaelewa. Wenzangu wakihangaika na kamusi, wanaandika maana pembeni kwa penseli. Kurasa zangu zilikuwa safi. Kila neno nililoliona linafanana na la leo, nikalipa maana ya leo, nikapita.

Ukaja wakati wa kuandika insha. Nilichagua hadithi ya mjane mmoja maskini. Wasafiri watatu wanamgongea mlango siku ya theluji, anawafungulia, anawachinjia kuku wake wa mwisho, na asubuhi wanaondoka na blanketi lake. Mtunzi kila akimtaja mjane yule humwita kwa neno moja, wao wakilitamka *seeli*. Neno hilo lipo mpaka leo katika Kiingereza, limebadilika kidogo tu likawa *silly*, na leo Muingereza akikuita nalo amekuita mjinga. Basi nikaandika kurasa nane kuthibitisha kuwa mjane ni mpumbavu, kwamba mtunzi anamcheka, na kwamba sisi nasi tumcheke. Nikasimama, nikaisoma insha yangu kwa madaha. Wenzangu wakacheka pale pale nilipotaka wacheke.

Bi Edith hakucheka. Alingoja mpaka nilipokaa.

"Zuwena, hili neno umelitazama kwenye kamusi?"

"Nalijua, mwalimu."

"Unalijua la leo. Yeye aliliandika zamani. Siku zile maana yake ni mtu mwenye baraka, mwema, asiye na hila, wa kuonewa huruma. Lilipita mikono mingi mpaka likawa la mjinga. Mtunzi hamcheki mjane. Anamlilia."

 Nikauvuta mtandio mpaka usoni. Bi Edith akanirudishia karatasi zangu, hakuzitia hata alama moja.

"Neno geni halitakudanganya," akasema, "kwa sababu utaliuliza. La kukudanganya ni lile unalodhani unalijua. Nenda ukairudie kazi yako. Soma polepole, na usome mpaka mwisho, ndipo umhukumu mtu."

Alijuaje kuwa sikusoma mpaka mwisho? Kweli sikusoma. Kurasa sita za mwisho zilikuwa ngumu, nikaziacha. Nikaenda maktaba, nikakaa siku tatu na kamusi moja nzito, neno baada ya neno. Na kule mwisho nikakuta kuwa mmoja katika wale wasafiri anarudi kwa miguu, blanketi kalikunja begani, anamkuta mjane kitandani, anapiga magoti kumwomba radhi. Hadithi yote ilikuwa inakwenda hapo. Mimi nilikuwa nimeshamcheka mjane na nimeshawachekesha wenzangu.

Nikafunga kitabu. Yale maneno, usome mpaka mwisho, yakanirudia. Nikakumbuka barua ya Mama.

Sasa nikueleze habari ya barua. Mama yangu, Bi Salma, hakusoma skuli. Alisoma chuoni, kwenye madrasa ya Kurani, Unguja, na Kiswahili akikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wanawake wengi wa umri wake. Mimi nilifunzwa na Bibi kuziandika pia, lakini kuzisoma kwangu kulikuwa kwa taabu, hasa kwa mwandiko wa Mama, uliobanana, unaoingia mpaka pembezoni mwa karatasi. Barua ile ilikuwa na kurasa tatu. Ilinifikia wiki tano kabla, nami nilisoma ukurasa wa kwanza tu, salamu ndefu za jamaa wote, na mwisho wake mstari mmoja: Bibi yako ameshuka, nasi sote tuko naye, ukipata nafasi uje.

Nilifurahi kupita kiasi. Bibi Zeyana, tuliporudi Omani, alikwenda kukaa Dima wa Tayyin, juu milimani, kwa kaka yake. Kila mwaka tulimbembeleza ashuke aje kukaa nasi Ibra, karibu na hospitali, karibu na soko, na kila mwaka akikataa. Anasema safari moja ya bahari imemtosha, hahami tena. Kumbe leo ameshuka! Kurasa mbili zilizobaki nikaziweka, nitazisoma nikipata wasaa. Siku ile ile nikamjibu Mama, kwa herufi zile zile anazozijua, nikamwambia kuwa likizo ya kiangazi sitakuja, nitabaki huku kutembea na wenzangu, maana sina wasiwasi tena.

Baada ya zile siku tatu za maktaba nikarudi chumbani alasiri, nikaitoa barua kwenye sanduku. Nikaisoma kama nilivyomsoma mjane, neno kwa neno, kidole kwenye mstari. Ukurasa wa pili: hali kitu ila maji ya ndimu na asali kidogo. Ukurasa wa tatu: amebaki mifupa, kila asubuhi anauliza Zuwena amefika wapi. Na pembeni kabisa, kwa wino uliofifia: mwanangu, mitihani ipo kila mwaka.

Nikarudi ukurasa wa kwanza. Katika mwandiko wa Mama, ch na sh ni herufi moja. O na u ni alama moja. Jaribu mwenyewe, Thuraya, chukua kalamu, andika kwa herufi za Kiarabu ameshuka, halafu andika amechoka, kwa njia ile ya zamani. Yatatoka sawasawa, huwezi kuyatenga. Bibi hakuwa ameshuka. Bibi amechoka. Na watu wetu wakisema mtu mzima amechoka, unajua wanakusudia kuwa anakaribia kufa.

Asubuhi nikaenda kwa Bi Edith, sijalala wala sijala. Nikamweleza kwa vipande vipande.

"Mtihani wetu ni baada ya siku kumi," nikamwambia.

Akaniuliza swali moja tu: "Bibi huyu ndiye aliyekufunza kusoma?"

"Ndiye."

"Nenda. Shairi limengoja miaka mia sita, litakungoja mpaka Septemba. Mimi nitazungumza na wakubwa."

Siku ya tatu nikashuka Maskati. Mjomba akanipokea, tukalala Ibra, na asubuhi tukapanda Dima kwa pikapu yake. Njia haikuwa hii mnayopita leo mkisikiliza nyimbo. Tulikwenda ndani ya wadi, bonde la mto mkavu, mawe makubwa kama mbuzi waliolala, na kila gari likiruka mimi nikiomba Mungu nimkute.

Mama alikuwa mlangoni. Nikakimbilia mkono wake niubusu.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitika marahaba. Aliutoa mkono wake mkononi mwangu.

"Umekuja kuimalizia furaha yako?" akaniuliza.

Sikumfahamu. Akatoa barua yangu mfukoni mwa nguo yake, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imechakaa, akanisomea pale pale kizingitini:

"Nimefurahi mno kusikia Bibi amechoka. Ndilo jambo tulilokuwa tukilingoja miaka yote hii. Mpe hongera yangu. Sasa mimi naweza kukaa huku kwa raha, sina wasiwasi tena."

 Makosa yangu ya kusoma nilikuwa nimeyajua. Hili la kuandika halikunipitia akilini, kuwa neno nililolisoma vibaya nimelirudisha kwa mama yangu, naye kalisoma linavyosomeka.

"Mama, mimi niliandika ameshuka," nikasema. "Barua yako niliisoma ameshuka. Nilidhani amekubali kuja Ibra."

Mama akainamia karatasi. Nikaona midomo yake inakwenda bila sauti, anasoma tena kutoka juu. Alipofika kwenye neno lile akaweka mkono kinywani. Na kabla hajasema kitu, sauti nyembamba ikatoka ndani.

"Salma! Si nilikwambia?"

Mama akaanza kulia, akanivuta kifuani mwake, na akiwa analia begani mwangu akanihadithia. Barua yangu ilipofika, alikuwa akimsomea Bibi, akafika kwenye mstari ule akanyamaza. Bibi akamwambia endelea. Akasoma. Jamaa waliokuwepo wakasema huyu mtoto Ulaya imemharibu. Mama mwenyewe akaamini, akasema asitajwe tena mbele yake. Ni Bibi peke yake aliyetikisa kichwa juu ya mto.

"Zuwena nimemlea mimi," alisema. "Hawezi kufurahi mimi kuchoka. Basi ipo pahala hatukusoma sawa. Soma tena."

Mama akasoma tena, na mara ya tatu. Lile neno hawakulikamata, kwa kuwa ugonjwa uliwajaa akilini, hawakuweza kuona jengine. Bibi akasema, "Khalas, iwekeni barua. Atakuja mwenyewe atusomee."

Mwanamke anakufa, anaambiwa mjukuu wake amefurahi, na anachagua kuamini kuwa kosa liko kwenye kusoma. Mimi niliyepelekwa ng'ambo kusomea kusoma sikuweza kumpa mjane wa shairi nafasi hiyo.

Nikaingia. Alikuwa mdogo kitandani, macho yale yale.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akaniangalia juu hadi chini. "Haya, niambie. Umeshuka au umechoka?"

Nikacheka na kulia pamoja. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Akasema radhi ameshanipa tangu siku ya barua, niamke nimwonyeshe walichonifunza huko.

Kitabu nilikuwa nacho. Nikamsomea mistari kwa sauti, kwa Kiingereza kile cha zamani. Nilipofika neno la usiku, akanisimamisha kwa kidole.

"Kumbe Wazungu walikuwa na kha!"

"Walikuwa nayo, Bibi."

"Wameipeleka wapi?"

"Wameiacha."

"Lo," akasema, kwa huruma ya kweli.

Akataka hadithi. Kila siku baada ya sala ya alasiri nikamsomea kipande kwa Kiingereza chake cha zamani, kisha namfasiria kwa Kiswahili, na Mama amekaa pembeni anachambua mchele, anajifanya hasikilizi. Kwenye lile neno la mjane nikakwama. Mwenye baraka lilikuwa kubwa mno, mwema lilikuwa dogo, na la huruma peke yake halikutosha. Nikamweleza Bibi maana zake zote moja moja.

"Hilo tunalo," akasema. "Mwite maskini ya Mungu."

Nikaliandika pembeni kwa penseli. Kamusi yangu nzito ilihitaji mistari mitatu kwa kitu ambacho yeye alikisema kwa pumzi moja. Septemba nilipoandika insha upya nikaliweka neno lake ndani, kwa Kiswahili, na maelezo yake. Nilipasi kwa alama za wastani, lakini pale pembeni Bi Edith alipiga mstari kwa penseli, akaandika: mpe bibi yako shukrani zangu.

Sikuweza kumpa. Bibi alikaa nasi siku kumi na tisa. Tulimaliza shairi siku ya kumi na sita. Yule msafiri alipopiga magoti, Bibi alifumba macho akasema, "Alhamdulillahi, karudi," na hakutaka hadithi nyengine. Alifariki asubuhi, Mama ameshika mkono huu, mimi huu. Kaburi lake liko kule kule Dima, kushuka hakushuka.

Mama, tangu hapo, kila akiniandikia aliweka nukta zake kwa uangalifu, na chini ya neno lenye shaka akiandika yaani, akalieleza. Yaani mgonjwa. Yaani mzima. Barua zake zikawa ndefu maradufu, nami nikizisoma zote.

Basi mwanangu, unataka kujua kwa nini ujitese na kitabu chako. Sitakwambia simu ni mbaya, hata mimi ninayo. Ikufasirie, itakusaidia kujua njia. Lakini ukimaliza rudi kwenye maneno yenyewe, uyasome kwa sauti, kwa sababu yule aliyeyaandika alikuwa mtu, alikusudia kitu, naye hayupo hapa kujitetea. Maneno usiyoyajua usiyaogope, utayauliza. Yaogope yale unayoyaona ya kawaida, hayo ndiyo uyafungulie kamusi kwanza. Na usitoe hukumu ukurasa wa kwanza, hata kama darasa zima linakungoja uwachekeshe.

Na fanya hivyo hivyo kwa watu. Mama yako akikwambia neno likakuchoma, au mume utakayempata inshallah, au rafiki yako kwenye hizo meseji zenu zisizo na nukta wala herufi kubwa, usikimbilie maana mbaya. Jiulize: huyu ninavyomjua, anaweza kweli kukusudia hili? Kama hawezi, basi soma tena. Na ukisoma mara tatu usione, mngoje aje mwenyewe akusomee. Na Kiswahili chetu usikiache kikapungua mdomoni mwako. Ukikwama kwenye neno njoo uniulize, maadamu nipo, na nikiwa sijui tutamuuliza mwengine.

Nenda ukasome, Thuraya. Mola akupe fahamu iliyo pana na ulimi usiomdhulumu mtu. Akuhifadhi njia ya kwenda na ya kurudi, akuwekee wazazi wako, akujaalie kizazi chema, na siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea, akupe karibu yako mtu wa kukudhania kheri. Amin.